Mungu Alipotwaa Mwili

Katika miaka yangu ya ualimu nimefundisha somo la umwilisho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, vijana wa kipaimara, na watu wazima waliotafuta ubatizo ili waweze kufunga ndoa. Wote niliwaambia yale niliyoambiwa mimi na katekista wa kijijini kwetu, si mbali na mji wa Shinyanga: kwamba Mwana wa Mungu alitwaa mwili wa binadamu katika tumbo la Bikira Maria, akazaliwa, akaishi, akafa, akafufuka. Walikariri, nami nikaridhika. Leo, nikiwa mzee na mstaafu, nataka kukiri kwamba kwa muda mrefu nilifundisha jambo nisilolielewa; na kwamba aliyenifunulia ujinga wangu hakuwa mwanateolojia, bali mtoto ambaye alikuwa hajaanza hata kusema.

Ilikuwa Noeli ya mwaka 2008. Wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko Geita, katika eneo la wachimbaji wadogo, na siku za Jumapili nilifanya kazi ya ukatekista katika kigango ambacho sitakitaja jina. Anayeyajua makambi ya dhahabu hahitaji kuelezwa yalivyo. Dhahabu ikionekana mahali, habari huenea usiku mmoja. Baada ya wiki mbili porini hapo pana maturubai mamia, mama ntilie, makarasha ya kusaga mawe yanayolia mchana kutwa, na mialo ya kuoshea mchanga. Vijana hushuka maduarani kwa kamba, kichwani wamefunga tochi, ukuta umezuiwa kwa matimba. Dhahabu ikikatika, watu hung'oa maturubai wakaenda kwingine, yakabaki mashimo.

Ndiyo miaka ile ambayo mauaji ya watu wenye ualbino yalishika kasi katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa. Kuanzia mwaka 2007 habari zilikuwa zikifika moja baada ya nyingine: huyu amevamiwa usiku, yule amekatwa mkono, kaburi la mwingine limefukuliwa. Waganga matapeli walikuwa wamewaambia wachimbaji kwamba kiungo cha mtu wa namna hiyo kikitiwa katika dawa ya duara, dhahabu itajitokeza. Na wavuvi wakaambiwa kwamba nywele zake zikisukwa katika nyavu, samaki watajaa. Wazee wa Kisukuma niliowauliza waliniambia kwamba wao hawakukua na biashara hiyo; waliisikia ukubwani, kama tulivyoisikia sisi. Rais Kikwete aliyakemea mauaji hayo hadharani mwaka 2008, na mwaka huohuo akamteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Septemba 2009, mjini Kahama, watu watatu walihukumiwa kifo kwa kumuua mvulana wa wilaya ya Bukombe, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Lakini Noeli ninayoisimulia ilikuwa kabla ya hukumu hiyo, na hofu ilikuwa imetanda kila mahali.

Baada ya misa Padre alikwenda kigango kingine, maana siku ile alikuwa na misa tatu. Akaniachia kazi ya kuwashikia waumini sanamu ya Mtoto Yesu ili waibusu. Ilikuwa sanamu ya plasta, yenye ngozi nyeupe iliyoingia wekundu kidogo, nywele za manjano na macho ya buluu. Nilisimama mbele ya altare nimeikumbatia, kitambaa begani. Kila mtu akibusu, nafuta. Walipita wazee, wakapita vijana wa maduarani waliokuwa wamenunua mashati mapya, wakapita watoto wakichekacheka.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja kijana, mke wa mchimbaji, aliyekuwa amehamia kambini si siku nyingi. Wakati wa misa alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, na benchi lake lote lilikuwa tupu, ingawa kanisa lilijaa na watu wengine walisimama. Mgongoni, ndani ya kitenge, alikuwa amembeba mtoto wa kike wa miezi kumi hivi mwenye ualbino. Mama alipoinama kubusu, mtoto alitoa mkono juu ya bega lake akanishika kidole. Nikauvuta mkono wangu. Sikufikiri, uliruka wenyewe, kama wa mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kisha nikaifuta sanamu, na baada ya kuifuta sanamu nikakifuta na kidole changu. Yule mama aliona. Hakusema neno. Akaenda zake.

Nilikwenda nyumbani nikala pilau pamoja na wenzangu. Usiku, usingizi uliponikataa, ndipo mambo mawili yaliponijia pamoja. Kutwa nzima nilikuwa nimekumbatia mtoto wa plasta mwenye ngozi nyeupe na nywele za manjano, na watu zaidi ya mia wamembusu. Mtoto wa nyama na damu mwenye ngozi kama ile na nywele kama zile alinigusa mara moja tu, nikajifuta.

Msomaji ataniuliza: hofu hiyo ilitoka wapi kwa mtu aliyesoma? Ilitoka mbali. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa kwamba tukikutana na zeruzeru tujitemee mate kifuani, tusije tukazaa mtoto kama yeye. Hilo ndilo neno tulilotumia. Leo linaumiza, nami nalitaja kwa sababu lilikuwa sehemu ya dhambi yenyewe. Tena tuliambiwa jambo ambalo limeenea sehemu nyingi za nchi yetu: kwamba mtu wa namna hiyo hafi, bali hupotea. Hakuna aliyeona msiba wake, walisema, wala hakuna ajuaye kaburi lake. Ni kama mzimu uliopita kati yetu.

Kwa kweli hakupotea. Tunajua siku hizi kwamba ualbino hurithiwa: baba na mama, hata wakiwa weusi wote wawili, wanaweza kubeba mbegu yake bila kujua. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400, na huko Ulaya ni 1 kati ya watu 17,000 au zaidi. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua kwa jua letu, na wengi huuawa na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Zamani walifichwa ndani, wakafa ndani, wakazikwa kimyakimya na ndugu walioona aibu. Sisi tulioambiwa kwamba wamepotea hatukuuliza zaidi, maana jibu lile lilitupunguzia kazi ya kulia.

Hapo ndipo imani niliyokuwa nikiifundisha iliponigeukia. Kwa maana Kanisa la mwanzo kabisa lilipambana na msemo wa namna hiyohiyo, na msemo huo ulimhusu Kristo mwenyewe. Walikuwapo watu waliosema kwamba Mungu hawezi kujichafua kwa mwili. Kwa hiyo Yesu alionekana tu kama mtu. Alionekana kula, alionekana kuchoka, alionekana kufa. Kumbe hapakuwa na mwili wa kweli pale. Hakufa, walisema, maana roho haifi. Wanahistoria wa Kanisa huwaita Wadoseti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuonekana. Waliona kwamba wanamheshimu Mungu kwa kumwepusha na nyama zetu.

Kanisa liliwakatalia. Mwinjili Yohana, baada ya kueleza habari za Neno aliyekuwako kwa Mungu tangu mwanzo, anasema katika sura ya kwanza, aya ya kumi na nne, kwamba huyo Neno alitwaa mwili. Neno la Kigiriki analotumia ni zito: linaweza kutafsiriwa pia kuwa nyama, ile inayokatika, inayooza, inayotoka jasho. Na pale anaposema kwamba alikaa kati yetu, kitenzi chake kina maana ya kupiga hema. Mtu aliyeishi makambini hupenda kulisoma neno hilo polepole: kama mchimbaji anayefika na turubai lake begani, akalifunga kati ya maturubai ya wenzake, akalala palepale wanapolala. Mwaka 451, katika mtaguso wa Kalkedoni, maaskofu walitamka kwamba Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, bila hali hizo mbili kuchanganyika wala kutengana. Ni maneno ya wasomi, lakini shabaha yao ni nyepesi kueleweka: pasiwe na ujanja wa kumwondolea mwili wake.

Yuko shahidi mmoja wa zamani ambaye kwangu anazidi wote. Ni Ignasi, askofu wa Antiokia, aliyepelekwa Roma mwanzoni mwa karne ya pili ili atupiwe wanyama wakali. Akiwa njiani chini ya ulinzi wa askari aliandika barua kwa makanisa. Katika barua kwa watu wa Smirna anasisitiza kwamba Kristo alizaliwa kweli na kuteswa kweli, na anahoji: kama hayo yote yalikuwa maono tu, mimi nimejitoa nife kwa ajili gani? Kisha anaongeza jambo ambalo nililisoma mara nyingi bila kulitia maanani. Anawataka Wakristo wawaangalie hao wanaoukana mwili wa Kristo: hawamjali mjane wala yatima, wala anayeonewa, wala mwenye njaa na kiu. Kwa Ignasi hayo hayakuwa makosa mawili yaliyokutana kwa bahati. Anayesema kwamba mwili wa Bwana ulikuwa kivuli, kesho atasema kwamba njaa ya jirani yake nayo ni kivuli.

Basi nikajiona. Mdomo wangu ulimkiri Mwana wa Mungu aliyetwaa mwili. Mkono wangu ulikuwa Mdoseti. Kwa maana anayesema juu ya mtu yeyote kwamba hafi, hupotea, amekwisha kumvua ubinadamu. Na mtu akishavuliwa mwili wa kweli, mwili huo huachwa wazi kama mali isiyo na mwenyewe. Atatokea wa kuuthaminisha kwa fedha. Mwenye panga hakuanza yeye. Alianza aliyetema mate kifuani, akafuata aliyeacha benchi tupu, akafuata katekista aliyejifuta kidole. Mwenye panga alikuja mwishoni kuvuna.

Kuna swali jingine ambalo sina budi kulikabili, maana niliulizwa ana kwa ana. Miezi michache baada ya Noeli ile nilikwenda mwaloni kumwona kijana mmoja niliyemfundisha darasa la sita. Aliniamkia shikamoo, akaninunulia chai. Alikuwa hajawahi kubatizwa, na alikuwa na akili kali tangu shuleni. Tukazungumza habari za mauaji, akaniambia:

“Mwalimu, niwie radhi kwa swali hili. Nyinyi kila Jumapili mnasema mwili wa mtu umetolewa na damu yake imemwagwa ili mpate uzima. Mganga naye anasema kiungo cha mtu kikitolewa tutapata dhahabu. Tofauti iko wapi, ila kwamba nyinyi mnangoja mbinguni na mganga anaahidi wiki hii?”

Nilimkemea. Nilimwambia asikufuru. Akanyamaza kwa adabu, akanilipia chai, akarudi kwenye zebaki yake. Lakini swali lake halikuwa kufuru. Lilikuwa swali la mtu aliyesikiliza vizuri kuliko wengi wanaopokea komunyo. Nimelibeba miaka yote hii, na kama yu hai na anasoma, hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Tofauti ya kwanza ni nani anayetoa. Katika dawa ya duara, mwenye nguvu humnyang'anya mnyonge mwili wake ili yeye aongezeke. Katika umwilisho mambo yamepinduliwa. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto waraka wa pili, anasema kwamba Kristo, aliyekuwa tajiri, alijifanya maskini ili wao watajirike kwa umaskini wake. Aliye juu alishuka. Hakumtuma mtu mwingine badala yake. Hapa makambini kila mtu anajua kwamba mwenye duara hashuki. Anayeshuka ni kijana asiye na kitu, na ukuta ukibomoka ni yeye anayefukiwa. Imani yetu inasema kwamba safari hii mwenyewe ndiye aliyefunga kamba kiunoni akashuka.

Tofauti ya pili ni hesabu. Dawa haitosheki. Duara likikauka mganga ataomba kiungo kingine, na baada ya hicho kingine tena. Waraka kwa Waebrania unashikilia kwamba Kristo alijitoa mara moja, basi. Maana yake ni kwamba hesabu imefungwa. Tangu hapo, yeyote anayesema kwamba mwili wa mtu mwingine unahitajika ili sisi tupate heri, awe mganga, awe mfalme, awe tajiri wa migodi, ni mwongo.

Tofauti ya tatu ndiyo iliyonigharimu zaidi. Dawa hukufanya usimwone tena mtu. Unaona kiungo na bei yake. Mwili wa Kristo umetolewa ili tumwone. Yeye mwenyewe, katika Injili ya Mathayo, anasema kwamba alilotendewa mdogo kabisa ametendewa yeye. Padri wa Kanisa Gregori wa Nazianzo alifundisha katika karne ya nne kwamba kile ambacho Mwana hakukitwaa, hicho hakikuponywa. Basi kama alitwaa ubinadamu wetu wote, aliitwaa na ngozi inayoungua jua. Hakuna nyama ya binadamu iliyo na uchawi ndani yake, na hakuna iliyo takataka.

Hata hivyo namheshimu kijana yule kwa kuugusa ukweli mmoja unaotuaibisha. Sisi Wakristo nasi tumeugeuza mara nyingi mwili wa Bwana kuwa dawa. Nimeona rozari zimetundikwa juu ya maduara. Nimeombwa nilete maji ya baraka ili mawe yatoe dhahabu. Kuomba usalama wa wanaoshuka si kosa, na niliomba pamoja nao; lakini aliyetaka dhahabu peke yake alimtaka Kristo jinsi wengine walivyomtaka mganga.

Na liko jambo ambalo umwilisho haulijibu, wala sitajidai kwamba unalijibu. Haukuzuia mapanga. Mwaka 2015, mwezi Februari, mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili alichukuliwa nyumbani kwao wilayani Chato, mkoani Geita, mama yake akijeruhiwa vibaya kwa kumtetea. Maiti yake ilipatikana baada ya siku chache, imekatwa viungo. Mwaka 2024 mtoto wa kike wa miaka miwili aliuawa vivyo hivyo huko Muleba, mkoani Kagera. Nani atakayesimama mbele ya mama zao na kufundisha somo? Ninachoweza kusema ni kwamba Injili haikuficha jambo hili. Katika sura ya pili ya Mathayo, mara baada ya mamajusi kuondoka, kuna askari wanaotafuta mtoto wa kuua, kuna wazazi wanaokimbia usiku na mtoto wao, na kuna kilio cha akina mama wa Bethlehemu ambao watoto wao hawakupona. Mungu aliyetwaa mwili aliutwaa mwili unaowindwa. Hilo halifuti machozi ya yeyote, lakini linatuambia yuko upande gani.

Yule mama na mtoto wake nao waliondoka usiku, kabla Januari haijaisha. Asubuhi turubai lao halikuwapo. Wengine walisema kambini: amepotea. Nililisikia neno hilo na safari hii likanichoma.

Nilimwona tena mwaka 2016, sokoni Kahama, akiuza dagaa. Nilimtambua yeye kabla hajanitambua mimi. Nikamsalimu kwa Kisukuma, “Mwadila, mayu,” akaitika. Niliuliza habari za mtoto huku moyo unanidunda. Akasema yu hai, anasoma Buhangija, pale Shinyanga mjini, pamoja na mamia ya watoto waliokusanywa ili walindwe. Anavaa kofia pana, anajipaka mafuta ya kukinga jua, na anakaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Alisema anamkumbuka kila usiku, maana mtoto anayelindwa mbali na mama yake ni nusu ya furaha. Nikajikaza nikamwambia nililotaka kumwambia kwa miaka minane: kwamba Noeli ile mtoto wake alinishika kidole, nami nikauvuta mkono, na kwamba naomba radhi.

Alipanga mafungu yake ya dagaa kwa muda. Kisha akasema, bila kuinua macho:

“Mikono yako ilikuwa imejaa, Mwalimu.”

Sijui kama alinisamehe au alinihukumu. Huenda alifanya yote mawili. Nilinunua dagaa wengi kuliko niliohitaji, nikaondoka.

Siku hizi, Noeli ikifika na nikaombwa kusaidia, naiweka sanamu mezani mbele ya altare, juu ya kitambaa cheupe. Wanaotaka kumbusu Mtoto Yesu hubusu. Mimi husimama karibu na mlango, pale wanapoketi wageni, mikono mitupu.